Anayesoma kwa Masafa Hakusoma Nusu



Leo hatukuleta mitindo ya magauni wala hina. Tumeleta jambo linalotukaa rohoni kila tukirudi kutoka Tabora, na safari hii tumeona tuliseme bila ya kumung'unya maneno. Tumechoka kusikia mwanamke anayesoma nyumbani kwake, kwa masafa, akifanyiwa kejeli. Wanaiita "shahada ya simu", "shahada ya jikoni", "digrii ya bando". Na ikiwa anachosoma ni saikolojia, basi kicheko huwa mara mbili: "Anasomea wazimu, asije akaupata mwenyewe!"

Sisi tunasema hivi. Mwanamke anayesoma shahada ya uzamili ya saikolojia akiwa Tabora, mumewe yupo, watoto wapo, majirani wapo, hakusoma nusu. Amesoma kamili, na amesoma pale pale tunapomhitaji. Wapo wa kutiliwa shaka, lakini si yeye, na tutawafikia.

Tabora inatuhusu nini watu wa visiwani?

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Unguja. Wengi wetu tuliishia kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushonaji, tukaanza na cherehani moja moja mpaka tukafungua duka. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, na tena Mfunguo Mosi, tunapeleka mzigo bara: boti mpaka Dar es Salaam, treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi mpaka Tabora. Tukifika hatujioni wageni. Wana mtaa wao wa Ng'ambo kama sisi tulivyo na Ng'ambo yetu. Wana miembe mikubwa, wana maulidi, wana Kiswahili kitamu.

Haya hayakutokea kwa bahati. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na Tabora, iliyoitwa Kazeh na wasafiri wa zamani, ndiyo ilikuwa kituo chake kikuu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba. Wafanyabiashara wa kwetu walikuwa wameshajenga huko. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi yake huko na akaoa katika ukoo wa watawala wa Unyanyembe. Wanyamwezi walibeba mizigo ya njia ile mabegani mwao. Na tusijifiche: njia ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliofungwa minyororo, wanawake na watoto wakiwemo, na sehemu ya utajiri wa visiwa vyetu ilitoka huko. Kwa hiyo mtu wa Unguja akisema "mambo ya Tabora hayanihusu" tunamwambia asome historia yake kwanza.

Ndiyo maana habari ya dada mmoja wa Tabora imetugusa. Ni mteja wetu, tulimshonea gauni la nikaha. Ni mwalimu wa sekondari, ana watoto wawili, na sasa anasoma uzamili wa saikolojia kwa masafa. Anaamka saa kumi za usiku, anasoma mpaka adhana ya alfajiri. Mchana yuko skuli. Jioni ni watoto na chakula. Baada ya Isha anafungua tena moduli. Usiku wa manane anapakua masomo kwa sababu bando la usiku ni rahisi. Umeme ukikatika, anaandika kwa mkono kwa mwanga wa simu, kisha anaipiga chapa asubuhi.

Na huyu ndiye anayechekwa na mawifi kwenye shughuli, mbele ya watu, akiwa amebeba sinia la pilau mkononi.

"Hiyo si shahada"

Hii ndiyo hoja ya kwanza tunayoisikia, na ndiyo nyepesi kuliko zote.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge namba 17 ya mwaka 1992, na kilianza kazi mwaka 1993. Kina vituo mikoani, Tabora ikiwemo, na kina kituo Unguja na Pemba pia. Hakikuwekwa ili watu wapate shahada za mteremko. Kiliwekwa kwa sababu nchi ilijua kuwa wapo walimu, manesi, askari na akina mama wenye uwezo wa kusoma ambao hawawezi kuacha kazi na nyumba wakaenda kukaa bweni. Uingereza ilikuwa na chuo kikuu chake huria tangu mwaka 1969. Afrika Kusini, chuo kikuu cha UNISA kinafundisha kwa masafa tangu mwaka 1946. India ina IGNOU, iliyoanzishwa mwaka 1985, na shahada ya uzamili ya saikolojia ni miongoni mwa masomo yake. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria UNISA mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Hatujamsikia mtu akisema Mandela alisoma nusu.

Hata hapa nyumbani, kabla ya intaneti, watu walisoma kwa njia ya posta kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Bahasha ilikuja na somo, ikarudi na majibu. Wapo mama zetu waliopata vyeti vyao hivyo na wakatusomesha sisi kwa mishahara iliyotokana na vyeti hivyo. Leo bahasha imekuwa simu, ghafla imekuwa haramu?

Wanaosema "anaweza kufanyiwa kazi na mtu mwingine" tunawauliza: wa bwenini hawezi? Udanganyifu hauna bweni. Chuo kinachojiheshimu kinampa mwanafunzi wake mtihani wenye usimamizi, kinamtaka aandike tasnifu, kisha kinamkalisha mbele ya walimu aitetee kwa mdomo wake. Hapo hapana wifi wala shoga wa kumsaidia kujibu.

Sisi mafundi tunalijua hili kwa kazi yetu. Mteja akivaa gauni haulizi fundi alisomea chuo gani. Anageuza upindo, anatazama mshono. Mtazameni na msomi hivyo hivyo: mgeuzeni upindo, mwone anachokijua.

"Saikolojia ni ya Wazungu, sisi tuna makungwi"

Hoja ya pili ina uzito zaidi kwa sababu inachanganya kweli na ujinga.

Kweli ni kwamba tuna makungwi na masomo, na Allah awape umri. Wametufundisha usafi, stara, ulimi wa kuzungumza na mume na subira ya ndoa. Hatutaki mtu awaondoe. Na dua ni silaha ya Muislamu, hatuiachi.

Ujinga ni kudhani kuwa elimu ya nafsi imekuja na meli ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, akazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi unaomganda mtu, na namna ya kuvitibu. Cairo, hospitali ya Sultan Qalawun iliyofunguliwa mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Sasa nani mgeni katika elimu hii? Dada wa Tabora anayesoma uzamili anarudi kwenye kitu ambacho wazee wetu wa dini walikishughulikia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Tuwaambie na tunachokiona sisi. Bibi harusi tunampima mara tatu: siku ya kuagiza, wiki tatu kabla, na siku mbili kabla. Kifua, kiuno, nyonga, mikono. Aliyepungua inchi tatu za kiuno kati ya kipimo cha pili na cha tatu, mara nyingi hakupungua kwa furaha. Tukimuuliza anasema ni dayati. Wapo wanaotetemeka tunapowafunga zipu. Yupo aliyelia akashindwa kusema analia nini, mama yake akatwambia "ni mambo ya wari, yatapita". Baada ya mwaka mama huyo huyo alitwambia kuwa binti yake amejifungua, yumo ndani ya arobaini, hataki kumshika mtoto, na wamezunguka kwa waganga watatu.

Sisi tunaweza kupunguza gauni kiunoni. Hatukusomea kujua kwa nini kiuno kimepungua. Kungwi naye hakusomea. Anayesomea ni yule mnayemcheka. Yeye ndiye anayefundishwa kutofautisha hofu ya kawaida ya mwari na hofu iliyokuwa maradhi, uchovu wa mzazi na huzuni nzito inayoweza kumfanya mama ajidhuru. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha haya kwa muda mrefu sana.

Msafara wa mamba, na kenge wamo

Sasa tuje kwa wa kutiliwa shaka.

Kuna watu wamehudhuria semina ya siku mbili, wamepewa cheti chenye muhuri wa kung'aa, na kesho yake wanajiita wanasaikolojia. Wanafungua kundi la kulipia kwenye simu. Bibi harusi anamtumia mmoja wao siri za chumbani kwake kwa sauti. Wiki haijapita, siri imekuwa "kisa cha leo": jina limefichwa, lakini mtaa, idadi ya watoto na kazi ya mume vimetajwa. Isevya nzima inajua ni nani. Siri ni amana, na kula amana ni dhambi hata ikiwa imepambwa kwa aya na maua.

Ajabu ni kwamba hao hawachekwi. Wanalipwa, wanaalikwa kwenye kichen pati, wanapewa kipaza sauti. Aliyekesha miaka miwili na vitabu anaitwa wa jikoni, wa siku mbili anaitwa dokta. Hapo ndipo tunapokasirika.

Na tuwe wakweli kwa upande wetu. Shahada ya uzamili ya saikolojia, iwe ya masafa au ya darasani, haimfanyi mtu moja kwa moja kuwa mtabibu wa wagonjwa. Kutibu kunahitaji mafunzo ya vitendo, mbele ya wagonjwa, chini ya msimamizi. Saikolojia ya tiba hufundishwa Muhimbili, katika chuo kikuu cha MUHAS, na huwezi kuimaliza umekaa kitandani na simu. Hata sisi hatukujifunza kukata kitambaa kwa kutazama video tu. Ilibidi fundi asimame nyuma yetu atushike mkono. Dada wa Tabora analijua hili kuliko wanaomcheka. Anataka kuwasikiliza wasichana wa skuli yake na akina mama wa mtaa wake, ajue dalili mapema, na anayehitaji hospitali ampeleke hospitali.

Kwa hiyo, kabla ya kumfungulia mtu moyo wako au mkoba wako, muulize maswali manne. Amesoma nini na wapi, na je, chuo hicho kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU? Alifanya mafunzo ya vitendo wapi na alisimamiwa na nani? Atazihifadhi vipi siri zako? Na tatizo likimzidi kimo, atakupeleka kwa nani? Msomi wa kweli hukujibu bila ya kukasirika. Kenge hukwambia huna imani naye.

Na wewe unayetaka kusoma, anza na swali hilo la TCU kabla hujalipa hata shilingi. Kwa vyuo vya nje pia, TCU ndiyo inayotambua shahada zao hapa nchini.

Ruhusa bila ya nafasi

Hoja ya tatu huja kwa upole, nayo ndiyo inayoua ndoto nyingi: "Mwache amalize kulea kwanza." Au: "Mume amemruhusu, anataka nini tena?"

Dada zetu, ruhusa bila ya nafasi ni ahadi tupu. Mume anasema soma, kisha kila anapofungua daftari anaitwa: chai, pasi, mgeni kaja, mtoto analia. Mama mkwe anasema soma, kisha wiki ya mtihani analeta wageni sita kutoka Nzega. Mwisho wa mwaka anafeli, na wote wanasema, "Tulijua hataweza."

Hebu tuikumbuke tena ile njia ya misafara. Wanaume wa pwani walikuwa wakiondoka kwenda Unyanyembe na mbele zaidi, mpaka Ujiji na Manyema, wakikaa miezi, wengine miaka. Wake zao walibaki wakalea, wakalinda mali, wakazika wazee, wakangoja barua. Hakuna aliyesema mume ametelekeza nyumba. Ilisemwa yuko safarini, anatafuta. Leo mwanamke anaomba saa mbili kwa siku, mezani, ndani ya nyumba ile ile, mlango wazi, na inakuwa ugomvi wa kuitisha kikao cha ukoo?

Wala dini msiifanye fimbo ya kumpigia. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kutafuta elimu ni faradhi. Amefundisha pia kuwa masharti yenye haki zaidi ya kutimizwa ni yale ambayo kwayo ndoa imefungwa. Bibi harusi unayesoma hapa, ikiwa una nia ya kusoma, liseme jambo hilo wakati wa posa, mbele ya walii wako na wazee wa upande wa pili, kabla ya mahari kupokelewa. Sema kwa adabu na sema kwa hesabu: nitasoma miaka mingapi, saa ngapi kwa siku, ada italipwa na nani. Mume atakayekubali kwa hesabu ni tofauti na mume anayekubali kwa tabasamu. Na akikataa, bora ujue sasa kuliko kujua ukiwa na mimba ya pili.

Kwa nini asome akiwa Tabora

Kuna wanaosema, kama kweli anataka elimu basi aende Dar es Salaam akakae darasani. Wengine wanaweza, na Allah awafanyie wepesi. Lakini tufikirie. Mtu wa Tabora akizidiwa na maradhi ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete, na hospitali kubwa ya afya ya akili ni Mirembe, Dodoma. Ni safari, ni nauli, ni aibu ya kuonekana unapanda basi. Wengi hawaendi mpaka mambo yameharibika. Wanaokwenda kusoma miji mikubwa wengi wao wanabaki huko huko, na hatuwalaumu, maana kazi ziko huko. Anayesoma kwa masafa habanduki. Anamaliza shahada yake akiwa bado anajua jirani gani amefiwa, msichana gani ameacha skuli, mama gani hajatoka nje tangu ajifungue. Anajua kuzungumza nao kwa Kinyamwezi wakikwama kwa Kiswahili. Elimu ikifika kwake imefika mtaani.

Tunachoomba

Mama wakwe: wiki ya mtihani mchukueni mjukuu, na wageni waje wiki ya pili.

Waume: kabla ya kununua kochi jipya, nunueni bando la mwezi na taa ya kuchaji. Na saa mbili zake ziwe zake, msimwite.

Mabibi harusi: zawadi za harusi zenu si lazima ziwe vyombo tu. Ombeni ada. Sisi dukani kwetu tumeshaanza: anayesoma, awe wa masafa au wa darasani, hulipa gauni lake kidogo kidogo mpaka alimalize, ili ada ya chuo isikwame.

Mawifi na mashoga: ulimi. Mkisikia neno "shahada ya jikoni" shughulini, msicheke. Ulizeni tu, "Wewe ya sebuleni umeipata lini?"

Na wewe dada wa Tabora, wa Urambo, wa Kigoma, wa Pemba, unayesoma sasa hivi mtoto amelala mapajani: maliza. Binti aliyelia tukimfunga zipu anakuhitaji wewe, si sisi.

Allah akufungulie fahamu, akuzidishie subira, na aijaalie elimu yako iwe sadaka inayoendelea. Amin.

Wabillahi tawfiq.